Kazi za simu za ng'ambo zije Malindi?

Mtoto wa Barani: Assalaam aleikum wana Malindi. Akija mwekezaji kufungua kol senta ya wateja wa ng'ambo hapa mjini, tumpokee? Mimi nasema tumpokee kwa mikono miwili. Waya wa intaneti wa baharini umefika Mombasa tangu 2012, na Ruwaza ya 2030, ule mpango wa maendeleo wa serikali, ilizitaja kazi hizi, ila faida imeishia Nairobi. Sisi tuna Kiitaliano. Hata wauza vinyago wa ufuoni wanakizungumza. Na saa zetu na za Roma zinapishana saa moja, mbili wakati wa baridi yao, kwa hiyo hakuna kukesha kama wanaohudumia Wamarekani.

Kijana wa Muyeye: Ni 2009, si 2012. Nyaya za TEAMS na SEACOM zote zilifika mwaka huo. Na Ufilipino kazi hizi zimeajiri watu zaidi ya milioni moja. Tunangoja nini?

Vinyago: "Hata wauza vinyago." Hiyo hata ni ya nini, ndugu? Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja ufuoni. Kiitaliano nimekipata kwa kubishana bei juani. Nimempeleka mgeni mgonjwa hospitali nikamtafsiria daktari hadi alfajiri. Wewe chako umekipata wapi?

Mtoto wa Barani: Kaka, sikukutusi. Nilikuwa nasifu.

Vinyago: Sifa yenye hata ndani yake naijua.

Dada wa Shella: Mnagombania neno moja na swali linapotea. Nimefanya kazi hiyo Nairobi miaka miwili. Ukitaka kwenda msalani unabonyeza kitufe, na dakika zako zinahesabika kwenye skrini ya msimamizi. Hedifoni niliyopewa sponji yake ilikuwa imekatika, nikaifunga selotepu, na jasho la mwenzangu wa zamu iliyopita bado limo. Anayekulipa ni wakala, si ile kampuni unayojitambulisha kwa jina lake simuni. Mkataba wao ukiisha, mnaambiwa mrudishe vitambulisho. Waulizeni waliokuwa wakichuja picha za Facebook pale Sama, wakala wa Nairobi, waliopoteza kazi 2023. Walikwenda mahakamani, na ni Septemba 2024 ndipo Mahakama ya Rufaa ikasema Meta, wenye Facebook, inaweza kushtakiwa Kenya. Nani hapa ana uwezo wa kungoja hivyo?

Kijana wa Muyeye: Kwani ulilazimishwa, dada? Miaka miwili umekula mshahara, leo unawafungia wenzako mlango.

Dada wa Shella: Mshahara huo ndio uliomsomesha mdogo wangu, siukatai. Nasema mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Mlango gani nimefunga?

Mzee wa Ngomeni: Wanangu, Kiitaliano hapa hakikuanza na watalii. Mafundi wa roketi wa San Marco, kile kituo cha Waitaliano, walikuwa hapa tangu miaka ya 60, na baba yangu akiwapikia. Setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka bahari yetu tarehe 12 Desemba 1970. Walioipokea lugha jikoni na ufuoni wasidharauliwe.

Vinyago: Shikamoo mzee, umenipoza roho. Barani, yaishe. Lakini niseme kweli: kuzungumza naweza, kuandika siwezi, na dada nadhani atathibitisha kwamba kila simu ina maelezo yake ya kujaza. Anayejua kukiandika anifundishe jioni. Niko karibu na jeti ya ufuoni, meza ya tatu.

Dada wa Shella: Nathibitisha. Kesho baada ya alasiri nitapita.