Mnaotangaza ndege adimu Mwanza bila eneo wala saa, mnawapotezea watu nauli!

Wakuu, hii tabia imezidi. Ujumbe unazunguka kwenye magrupu: "Domokiatu yupo Mwanza, wahini!" Yaani yule ndege mkubwa wa majini, shoebill kwa Kiingereza. Basi, umeishia hapo. Mtu anatoka Dar, zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, anashuka stendi ya Nyegezi na darubini yake, anauliza ndege yuko wapi. Hakuna anayejua!

Mwanza ipi? Domokiatu kwa Tanzania ni ndege wa vinamasi vya Moyowosi na Malagarasi, magharibi mwa nchi, na ng'ambo ya Ziwa Victoria yuko kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda. Akitokea huku ni mgeni aliyetoka nje ya eneo lake, hana makazi huku ambako mtu angemtafuta. Wekeni koordineti za GPS, digrii zenye tarakimu nne baada ya nukta, kosa lake halizidi mita 11 hivi. Mkiweka mbili, mtu anaachiwa kilomita nzima ya mafunjo.

"Leo asubuhi" nayo siyo saa. Halafu semeni alisimama wapi: kwenye mafunjo yenye mizizi au juu ya magugu maji? Hapa ndipo safari nyingi zinapofia. Magugu maji yanaelea, usiku upepo unavuma kutoka nchi kavu, mchana unageuka na kutoka ziwani. Rundo mliloliona alfajiri, jioni linaweza kuwa upande wa pili wa ghuba, na ndege hayupo tena juu yake.

Picha ndiyo aibu kabisa. Mnatuma kivuli cha mbali, kumbe ni koikoi mkubwa, Ardea goliath, au korongo marabu wale wale wa soko la samaki la mwaloni Kirumba. Koikoi huyo ana kichwa na shingo za rangi ya kutu na mdomo uliochongoka. Marabu ana upara kichwani na shingoni. Domokiatu ni wa kijivu, mdomo mpana wenye ndoano nchani. Pigeni picha kabla ya saa 4 asubuhi, jua likipanda hewa juu ya maji inachezacheza na picha haishiki.

Na nyie mnaomfuata domokiatu kwa boti ya injini mpaka ukingoni, mnawaharibia wote walio njiani. Huyu huwinda kwa kusimama kimya muda mrefu, akimvizia samaki aitwaye kamongo apande kuvuta hewa. Injini inamtimua ndege na samaki wake. Zimeni mkiwa mbali, sogeeni kwa kasia, na akianza kuwakodolea macho simameni hapo hapo.

Akiruka, andikeni saa ile ile kwamba ameondoka na ameelekea upande gani, ili aliyefika Singida aamue kama ashuke au aendelee.