Wadau, mtaa wetu tunajipangaje kabla balaa halijarudi?

Jirani wa Kona: Habari zenu. Wiki iliyopita mafuta yaliwaka jikoni kwa jirani. Tulijaa uani na ndoo zetu, kila mtu anaamrisha. Geti la nyuma lina kufuli na hakuna anayejua ufunguo anao nani, tukabaki kuligonga kwa jiwe. Aliyetuokoa ni binti mdogo tu, alifunika sufuria na mfuniko akazima jiko. Nikiitisha kikao naambiwa "tutaona". Nianzie wapi?

Fundi Nyaya: Shukuru ndoo hazikumwagwa! Maji yakigusa mafuta yanayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kurusha moto hadi darini. Anza na hili: kila nyumba watu wawili wajue swichi kuu ilipo na mtungi wa gesi unafungwaje. Wajaribu kufunga gizani.

Sina Presha: Hiyo si kazi ya zimamoto jamani?

Mama Wawili: Ni kazi yao, ila mpaka wafike? Kobe, Japani, tetemeko la 1995, wengi waliofukiwa na vifusi walitolewa na ndugu na majirani.
Mwenye uzi, achana na kikao. Chukua daftari upite mlango kwa mlango jioni. Nani ni nesi, nani ana ngazi ndefu, nani hawezi kushuka ngazi bila kubebwa, nani anategemea mashine ya oksijeni (umeme ukikatika huyo ndiye wa kwanza). Na tafadhali, orodha ya wanaolala peke yao usiitupie kwenye grupu. Wezi nao wanasoma.

Jirani wa Kona: Asante dada. Grupu ya simu tunayo lakini.

Mzee wa Filimbi: Ya kutakiana asubuhi njema, siyo? Siku ya tukio kila mtu anapiga simu, mtandao unazidiwa. Ujumbe mfupi wa kawaida hupenya hata simu zikigoma. Sisi tuna filimbi: milio mitatu, toka nje, kutana mahali tulipokubaliana, hesabu watu. Mara ya kwanza kujaribu tulijikuta tumesahau familia nzima ya chumba cha nyuma.

Jirani wa Kona: Mrejesho wakuu. Jana nimepita nyumba sita. Ufunguo wa geti anao bibi wa nyumba ya nne, umening'inia nyuma ya mlango wake miaka yote. Anasema hakuna aliyewahi kumuuliza.