Desktop ya Windows 7 inaleta skrini ya bluu, msaada wakuu

mtu_wa_mbagala: Wakuu habari za jioni, nina desktop ya mtumba ya Kariakoo, Windows 7 na ramu 2GB, wiki hii nikifungua brauza dakika kumi hazifiki inaleta skrini ya bluu imeandika 0x0000001A halafu inajiwasha yenyewe, fundi wa mtaani kapiga window mara mbili kala hela yangu na tatizo liko palepale. Shida nini?

kipanya: Hiyo 1A ni memori mkuu, yaani ramu, kupiga window hapo ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, toa ramu, sugua yale meno ya dhahabu taratibu kwa raba ya shule, rudisha mpaka klipu zilie ta. Ikiwaka andika mdsched kwenye Start, ni kipimo cha ramu cha Windows yenyewe, uitest. Na feni piga brashi, joto la Dar unalijua.

dada_linaksi: Raba sawa ila Windows 7 haipati apdeti za usalama tangu Januari 14, 2020, mambo ya benki usifanyie humo jamani.

mtu_wa_mbagala: Nimefungua, vumbi kama sufi ya mto! Kuna vijiti viwili vya 1GB, nimetoa kimoja imekaa saa tatu haijazima, nikikirudisha tu, bluu. Ramu za aina hii, DDR2, bado zinapatikana?

kipanya: Zipo za kuchomolewa kwenye mashine mbovu. Nenda na hicho kijiti, na usilipe kabla hawajakujaribishia hapohapo.