Kugeuza mapishi ya nyama kwa nyumba yenye walaji mchanganyiko

Zamu ya Jikoni ameuliza:

Salamu kwenu wote. Binti yangu mkubwa ameacha kula nyama na samaki, ingawa mayai na maziwa bado anatumia, huku baba yake na wadogo zake wakiwa hawako tayari kabisa kuiacha nyama. Kwa sasa ninaiondoa nyama kwenye mapishi yangu ya kawaida na kuongeza viazi na karoti, na kinachotoka ni mchuzi mwepesi usio na ladha; binti hula kwa adabu, kisha baada ya muda nasikia mlango wa jokofu ukifunguliwa. Sina nguvu za kupika vyakula viwili kamili kila jioni. Naomba kujua ni kitu gani hasa kiwekwe mahali pa nyama, na kama chungu kimoja kinaweza kutosheleza pande zote mbili.

Mwiko Mrefu amejibu:

Dada, kabla ya kutafuta mbadala, jiulize nyama ilikuwa na kazi gani katika pishi hilo. Katika mchuzi uliochemka kwa muda mrefu, nyama hutoa mafuta, hutoa ile ladha nzito itokanayo na kukaangwa hadi kubadilika rangi, huufanya mchuzi uwe mzito kwa sababu kolajeni yake, yaani protini ya kwenye kano na ngozi, hugeuka jelatini, ute unaogandisha, na humpa mlaji kitu cha kutafuna. Karoti haifanyi hata moja kati ya kazi hizo, na kiazi husaidia kwenye uzito peke yake.

Kwa hiyo zigawe kazi hizo. Kaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia kwelikweli, tia nyanya ya kopo na uikaange humohumo hadi iive rangi na mafuta yaanze kujitenga, kisha ongeza kijiko cha sosi ya soya, pamoja na mafuta kidogo zaidi ya ulivyozoea kwa kuwa yale ya nyama hayapo. Uzito utaupata kwa kuponda upawa mmoja wa adesi zilizoiva na kuzirudisha chunguni. Cha kutafuna kiwe uyoga, na hapa ndipo wengi huharibu: uyoga una maji takriban asilimia 90, hivyo ukirundikwa kwenye sufuria ndogo huchemka badala ya kukaangika. Tumia kikaango kipana na moto mkali, uutandaze usipandane, halafu sikiliza. Kwanza utalia kwa maji yanayotoka, sauti itatulia maji yakikauka, kisha mlio wa mafuta utaanza upya, mkavu zaidi. Hapo ndipo rangi huanza kuingia. Ukiepua kabla, umeepua uyoga wa kuchemsha.

Sufuria Mbili amejibu:

Nakubaliana na Mwiko Mrefu, nami nitazungumzia mpangilio. Msingi wote, yaani vitunguu, viungo, nyanya na maharage au adesi, upikwe bila nyama. Nyama nayo ipikwe kwenye kikaango chake hadi iive kabisa, ndipo mwishoni uteke sehemu ya binti na kuchanganya nyama na iliyobaki. Kinyume chake hakiwezekani, kwa sababu mchuzi ukishaingia supu ya nyama haurudi nyuma. Mwenye kipimajoto ahakikishe nyama ya kusaga imefika nyuzi 71 za Selsiasi na kuku 74, wala asitegemee imalizie kuiva ndani ya chungu cha pamoja. Miiko iwe miwili tangu mwanzo.

Soma pia maelezo kwenye vifungashio. Vidonge vingi vya supu vina mafuta ya mnyama, sosi ya Worcestershire ya asili ina samaki wadogo, na baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Muulize binti mpaka wake uko wapi, maana si kila asiyekula nyama anajali hilo la jibini.

Kuna jambo ambalo huenda mkanipinga: pishi ambalo nyama ndiyo chakula chenyewe, kama pande la kuchoma, usihangaike kuligeuza.

Adesi Kwanza amejibu:

Huo mlango wa jokofu una sababu. Gramu 100 za adesi zilizopikwa zina protini takriban gramu 9, ilhali viazi vya kuchemsha vya uzito huohuo vina takriban gramu 2. Vijiko viwili vya adesi juu ya sahani ni mapambo tu, mpe bakuli. Madini ya chuma ya kwenye mimea hayafyonzwi kwa urahisi kama ya nyama, kwa hiyo limau au pilipili hoho kwenye mlo huohuo husaidia, na chai isubiri. Vitamini B12 ataipata kwenye mayai na maziwa. Siku akiviacha navyo, atahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Maharage mekundu yaloweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 30 walau, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Nyanya na limau viingie yakishalainika, la sivyo asidi itayachelewesha kuiva.

Zamu ya Jikoni ameandika:

Nawashukuru sana. Limebaki moja: kababu za adesi zinanimeguka kwenye mafuta. Je, niongeze mayai?

Mwiko Mrefu amejibu:

Nyama ya kusaga hujishika yenyewe ikipata moto, adesi haziwezi. Zichuje hadi zikauke, ponda nusu tu, tia yai moja na chenga za mkate, kisha weka mchanganyiko kwenye jokofu kwa nusu saa kabla ya kufinyanga. Kaanga moja kwanza ya kujaribia. Ikimeguka, ongeza chenga, si yai, kwa kuwa mayai yakizidi mchanganyiko huwa majimaji na kababu hutoka kama mpira.