Nimenunua minazi ya 3D dola 39, video imetoka jangwa. Na muuzaji anajua!

Wakuu salaam. Naandika saa kumi alfajiri na sijalala, mnivumilie.

Nachora nyumba kwa 3D, natumia programu ya Blender. Mwezi huu nilipata kazi ya mzee mmoja anayejenga Bagamoyo, kwenye shamba la minazi aliloachiwa na baba yake. Alitaka video ya sekunde 12 tu, nyumba ionekane katikati ya minazi hiyo. Kuunda mnazi mmoja unaoeleweka ni kazi ya siku mbili, nikasema ngoja ninunue. Nikapata kifurushi mtandaoni kwa dola 39, kina minazi, miembe, mpaka mibuyu, na kiprogramu chake cha kuipanda kwa mkupuo. Kwenye skrini yangu ilipendeza kweli, siwadanganyi.

Kompyuta yangu ni kikongwe, kwa hiyo nikakodi zile mashine za mtandaoni za kurendia, yaani kugeuza mchoro wa 3D kuwa video (wenyewe wanaziita shamba). Fremu 300 (picha mojamoja zinazounda video), dola 46, usiku kucha. Asubuhi nafungua video: nyumba, ukuta, tangi la maji, mchanga. Mti hakuna hata mmoja. Shamba gani hilo lisilo na mti!

Na mimi kwa kiherehere nilishamtumia mzee kiungo kabla sijaangalia. Simu ikaingia: "Kijana, minazi ya baba mmeikata kwa ruhusa ya nani?"

Nikamwandikia muuzaji. Jibu la kwanza: sasisha programu ya kadi yako ya grafiki. Kadi ipi, wakati video imerendiwa kwenye mashine ambazo hata sijui ziko nchi gani? Jibu la pili: angalia alama ya kamera kwenye orodha ya vitu, huenda miti imezimwa isitoke kwenye renda. Hili lina akili, maana kitu kinaweza kuonekana kwenye skrini na kikawa kimezimwa kwenye renda. Nikaangalia, yote iko wazi. Jibu la tatu: ukomo wa kamera, yaani umbali ambao kamera haioni zaidi yake. Hapo nampa haki yake. Ukomo wangu ulikuwa mita 100 na shamba linafika 140, safu ya nyuma ilikuwa inakatwa. Nikaweka 500. Lakini ukomo wa mita 100 unamezaje mnazi ulio mita sita kutoka barazani? Nikamuuliza hivyohivyo. Kimya siku mbili.

Nikachimba mwenyewe. Nikashusha logi (kumbukumbu za kazi) za zile mashine za kukodi, nikakuta kwenye kila fremu onyo lilelile: maktaba (faili la nje lenye vitu vya mchoro) haijapatikana, na mbele yake njia ya folda inayoanza na D ya kompyuta yangu. Kumbe kile kiprogramu hakiingizi miti kwenye faili lako! Kinaiunganisha tu na faili jingine lililobaki kwenye diski. Ukiwa nyumbani faili hilo lipo, kwa hiyo miti unaiona. Ukipeleka kazi kwingine, Blender inalitafuta, inalikosa, inaweka kitu kitupu mahali pa kila mti, halafu inaendelea kurenda kama kawaida. Na mita ya malipo inaendelea kuhesabu.

Najua mtasema si ungefungasha, yaani kuweka vyote ndani ya faili moja kabla ya kutuma. Nilifungasha! Ile amri ya kufungasha inabeba picha, fonti na sauti. Maktaba zilizounganishwa zina amri yake peke yake, na saa saba usiku nani anakumbuka hilo? Nakiri dalili ilikuwepo: faili lilikuwa MB 38. Aina nane za miti na picha zote za majani ndani ya MB 38, ningepaswa kushtuka. Baada ya kugeuza miti yote kuwa ya ndani na kufungasha upya, likafika GB 1.6. Na fremu moja ya majaribio niliyorenda kule ilikuwa ya kwanza, ambapo kamera inatazama mlango tu. Hayo ni makosa yangu, siyakatai.

Kinachonichoma ni kwamba huyu muuzaji ndiye aliyekitengeneza hicho kiprogramu, anajua kinavyofanya kazi. Kwenye ukurasa wake kaandika miti iko tayari kwa kazi za kitaalamu, basi. Sentensi moja ya tahadhari ingeniokolea dola 46. Nimeomba anirudishie dola 39 zangu, kajibu bidhaa ya kidijitali hairudishwi. Hilo hakuhitaji siku mbili, alijibu ndani ya dakika tano.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela ya aina hii kupitia benki, baada ya kulipa kwa kadi, aniambie alianzia wapi na walimdai vielelezo gani. Mimi dola za kukodi tena sina. Nimewasha kikongwe changu tangu saa moja jana jioni, dakika nne kwa kila fremu, sasa hivi iko ya 131 na minazi inaonekana. Mzee anaisubiri leo jioni. Umeme usikatike tu.