Naomba ushauri: vitabu vya wanyama wenye manyoya kwa binti wa miaka 9

BabaNeema_Dom
Wakuu, habari za jioni.

Nina binti wa miaka 9, yupo darasa la nne. Kiswahili anasoma vizuri, Kiingereza bado anaunga maneno. Mtoto huyu anapenda wanyama wenye manyoya kuliko kitu chochote. Nyumbani tuna paka na sungura wa kufuga, na akitoka shule yupo bandani. Runingani wakionyesha simba au tumbili, hata kula anasahau.

Shida ni vitabu. Madukani nakuta aina mbili tu. Kuna vya picha vya kujifunzia herufi: simba ukurasa huu, twiga unaofuata, basi. Na kuna hadithi za Sungura na Fisi, ambazo anazijua kwa kichwa. Sasa hivi anauliza mengine. Fisi jike anazalia wapi? Mtoto wa sokwe anakaa na mama yake mpaka lini? Kwa nini sungura wetu alijinyonyoa manyoya kabla ya kuzaa? Majibu sina, na sitaki kumbunia.

Je, vipo vitabu vya Kiswahili vinavyoeleza wanyama walivyo kweli? Kama vizuri ni vya Kiingereza, vipi vinamfaa, au nisubiri akue? Nahitaji vya wa porini na wa nyumbani pia. Mfuko wangu ni wa kawaida.

Mwalimu_Ifakara
Mkuu, usisubiri akue. Mtoto anayeuliza fisi anazalia wapi akikaa miaka mitatu bila kujibiwa, anaacha kuuliza. Nimeliona hilo darasani mara nyingi.

Nianze na cha bure. Mtandaoni kuna African Storybook, hadithi nyingi za watoto kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaweza kuzipakua ukachapisha. Nyingi ni hadithi za kubuni, lakini zipo zinazohusu mifugo na wanyama wa nyumbani kama mtoto anavyowaona. Pili, nenda maktaba ya mkoa. Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani na yana sehemu ya watoto. Ukifika Dar, pita duka la vitabu la TPH pale Barabara ya Samora, ni la wachapishaji Mkuki na Nyota, na vitabu vya watoto vya Kiswahili wanavyo.

Ila nikuambie ukweli: kitabu cha Kiswahili kinachomfuata mnyama mmoja tangu kuzaliwa mpaka uzee, chenye picha nzuri na maelezo sahihi, kwa umri wa binti yako, ni adimu sana. Hilo linaniuma kama mwalimu. Nchi ya Serengeti na Gombe, halafu mtoto wetu anakutana na wanyama wake kwa lugha ya mtu mwingine.

Nahodha_wa_Pangani
Naomba nizitetee hadithi za Sungura na Fisi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Zanzibar, na ndani yake imo ile ya Sultani Darai, inayomhusu paa anayemtajirisha maskini na mwisho asilipwe wema wake. Mimi nilisimuliwa na bibi yangu na nililia. Huruma yangu kwa mnyama ilianzia pale, kabla sijajua paa anakula nini. Usimnyang'anye hizo kwa sababu ya sayansi.

Guide_Karatu
Nahodha, hakuna anayemnyang'anya. Lakini fisi ameonewa vya kutosha, na mimi kazi yangu kila siku ni kumsafisha jina mbele ya wageni.

BabaNeema, swali la binti yako nalijibu hapa hapa. Fisi madoa hujifungulia shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na mnyama mwingine kama muhanga. Kwa kawaida ni watoto wawili. Wanazaliwa weusi bila madoa, macho wazi, na meno tayari mdomoni. Baada ya wiki chache mama anawahamishia kwenye shimo la pamoja la ukoo, wanakocheza na watoto wa majike wengine. Na kwenye ukoo wa fisi jike ndiye mkubwa, kwa mwili na kwa cheo.

Haya yalikuja kujulikana vizuri kutokana na kazi ya Hans Kruuk, aliyewafuata fisi usiku na mchana Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960. Kitabu chake *The Spotted Hyena* kilitoka 1972. Alionyesha kwamba fisi wa kule wanawinda sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kuwapora. Kitabu hicho ni cha kitaalamu, usimnunulie mtoto. Nakitaja ili wewe mzazi ujue msingi wa jibu.

Cha kununua, ukijaliwa kununua kimoja tu, ni kitabu cha kutambulia mamalia cha Jonathan Kingdon, *The Kingdon Field Guide to African Mammals*, 1997, kipo pia cha toleo dogo la mfukoni. Huyu bwana alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha sanaa Makerere, na michoro ni ya mkono wake. Kiingereza chake ni kigumu kwa mtoto, lakini michoro haihitaji Kiingereza. Mimi wanangu wanakifungua na kuanza kutafuta: komba, nguchiro, kicheche, pimbi. Mwambie pimbi ni ndugu wa tembo kwa ukoo, uone atakavyokukodolea macho.

Bei imechangamka, sikufichi. Ulizia kilichotumika.

KijanaMsomi
Mpe *Shamba la Wanyama*. Cha Kiswahili, kifupi, kuna farasi, punda, mbwa, paka, wote humo.

Mwalimu_Ifakara
Kijana, hiyo tafsiri ya Kawegere ya 1967 ya *Animal Farm* cha George Orwell ni nzuri na naipenda, lakini kile ni kitabu cha siasa. Wanyama mle ni watu. Mtoto anayetaka kujua farasi anaishije hatakipata humo, na ile sehemu ya farasi Boxer itamwumiza bila kumwelimisha. Akifika sekondari, sawa.

MamaSokwe_Kigoma
Kaka yangu, kwa sokwe njoo kwetu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake mzazi, na mwaka huo huo akamwona sokwe akivua mchwa kwa unyasi. Ana kitabu alichowaandikia watoto hasa, *My Life with the Chimpanzees*, cha 1988. Anaanzia utotoni mwake, msichana mpenda wanyama kama binti yako. Hicho ndicho kinachomfaa. *In the Shadow of Man* cha 1971 kisome wewe kwanza. Kina sura ya ugonjwa wa kupooza ulioingia Gombe mwaka 1966, ni nzito mno.

Kwa sababu hiyo hiyo, *Gorillas in the Mist* cha Dian Fossey kiweke mbali kwa sasa. Kazi aliyoifanya kwenye kituo chake cha utafiti wa gorila cha Karisoke kule Rwanda ni kubwa, lakini mauaji ya gorila wake Digit, Desemba 1977, si ya mtoto wa miaka 9 kulala nayo.

Jibu la swali lake: mtoto wa sokwe hunyonya mpaka karibu miaka mitano, na baada ya hapo bado anatembea na mama yake kwa miaka mingine kadhaa.

Kuhusu lugha, mimi nasoma ukurasa kwa Kiingereza kimoyomoyo, nafunga kitabu, kisha nasimulia kwa Kiswahili huku mtoto akiangalia picha. Tafsiri ya neno kwa neno inachosha wote wawili.

DaktariMifugo_Moro
Swali la sungura ni langu. Akikaribia kuzaa, mimba ni kama siku 31, anajinyonyoa manyoya ya kifuani na tumboni kutandika kiota, maana watoto wanazaliwa uchi na macho yamefumba. Sasa mwambie binti kwamba yule sungura wa porini huzaa watoto wenye manyoya tayari na macho wazi, tena juu ya ardhi. Ni wanyama wawili tofauti.

Sijui kitabu cha Kiswahili cha watoto kinachoeleza hilo, kwa hiyo mnunulie daftari gumu aandike mwenyewe anayoyaona bandani. Tarehe, nani kala nini, macho ya vichanga yamefumbuka lini. Mwaka ukiisha atakuwa na kitabu.

Na neno moja la kitabibu: mtoto anayependa wanyama hushika kila mnyama. Afundishwe kwamba aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, paka au mnyama wa porini asifiche. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Bint_Lamu
Nanyi wa bara mmemsahau punda, na pia farasi. Kwetu Lamu punda ndiye anayebeba mizigo, hivyo watoto wetu tunawasomea *Black Beauty* cha Anna Sewell, cha 1877. Farasi anasimulia maisha yake mwenyewe, kutoka bwana mwema hadi bwana katili. Sewell alikiandika ili watu waache kuwatesa farasi, na baada ya kukisoma, mwanangu alimkanya jirani aliyempiga punda wake. Hakimiliki imeshakwisha, kwa hiyo unakipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg.

*Born Free* cha Joy Adamson pia ni kizuri, simba jike Elsa aliyelelewa na watu tangu kichanga kisha akarudishwa porini Meru, Kenya. Ila zungumza naye kabla, asije akataka kulea mtoto wa simba.

Guide_Karatu
Bint Lamu kasema kweli. Kwa Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali. Wageni wangu wengi wamekulia kwenye kitabu cha Elsa, na jambo hilo wengi hawalijui.

BabaNeema_Dom
Wakuu, nimekaa na binti nikamsomea majibu yenu yote. La sungura wa porini kuzaa watoto wenye macho wazi limemfanya atoke nje usiku na tochi kwenda kuwatazama wetu.

Nitaanza na daftari kesho, Black Beauty nitakipakua leo, cha Goodall nitakitafuta. Guide, hicho cha Kingdon kilichotumika nikipateje?

Guide_Karatu
Posta, Dar, wapo wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga barabarani, agiza mtu aulize. Arusha pia vinatokea kwa waongoza watalii wanaobadilisha matoleo. Usijali kama jalada limechakaa, kagua kurasa za michoro tu kama zipo zote. Na binti akiwa na swali jingine la porini, liandike hapa hapa.