Nichague ndondi, karate, judo au taekwondo?

MamaTabata: Habari zenu wakuu. Nina miaka 36, kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Nataka kupunguza mwili na kupata pumzi, na mtu akinishika mkono usiku nikitoka kituoni niweze kujinasua. Tatizo ni goti la kushoto, liliwahi kuteguka na nikipanda ngazi linauma. Jirani kuna ndondi na karate, judo ni daladala mbili. Mwanangu anasema taekwondo. Nishaurini.

Kocha_Mstaafu: Pole na goti, dada. Taekwondo iache kwanza. Teke la kuzungusha linataka mguu uliosimama ujigeuze juu ya unyayo huku umebeba mwili wote, na goti ndilo linaloumia. Tena kwenye mashindano ngumi ni pointi 1 na teke la kichwani ni 3, kwa hiyo mazoezi mengi ni mateke.

Nenda ndondi. Raundi chache tu za dakika 3 ukipiga pedi anazoshika kocha mikononi, jasho litakutoka vizuri. Mwambie kocha mapema kwamba ulingoni huendi na kamba huruki.

JudoZenji: Kwa pumzi sawa mkuu, lakini dada kasema kushikwa. Judo ni mchezo wa kushikana tangu Kano Jigoro alipouanzisha mwaka 1882, na kitu cha mwanzo unachofundishwa ni kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka. Ukisukumwa barabarani, hilo ndilo litakuokoa kichwa. Kwa goti lako, omba uanze na mazoezi ya chini mkekani, kurushana kusubiri.

Kocha_Mstaafu: Kweli, ila daladala mbili baada ya kazi? Ataacha kabla mwezi haujaisha.

Binti_Karate: Da, kwa karate, kabla hujalipa ada nenda ukaketi utazame. Kama wote wanapiga hewa tu, utapata pumzi na nidhamu, kujinasua hutajua. Kwetu mwenzio anakukamata kifundo cha mkono kwa nguvu kweli, nawe unauvuta mkono kupitia pale kidole gumba chake kinapokutana na vingine, maana ndipo penye upenyo. Ukishachomoka, kimbia.

MamaTabata: Asanteni sana. Goti nalipeleka kwa daktari kwanza, halafu naanza ndondi, na Jumamosi nitaenda kuwatazama hao wa karate. Bandeji za mikono ninunue mwenyewe au za klabu zinatosha?

Kocha_Mstaafu: Nunua zako. Glavu utaazima.